Jibu: Gari linakuzimikia mbele ya shule? Anza kupunguza mwendo mapema

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini gari linakuzimikia kila ukifika lango la shule pale Mamboleo, Kisumu, ilhali kwingine unaendesha vizuri, na kama gia ya tatu inafaa hapo.

Kosa unalifanya mita mia moja kabla ya lango. Unafika ukiwa bado kwenye kilomita 50 kwa saa, gia ya nne, halafu ndani ya sekunde tatu unataka kukanyaga klachi, kushusha gia, kutazama kioo na kuwaona watoto. Anayejifunza hawezi yote hayo kwa mpigo. Kazi ya gia imalizike kabla ya kile kibao cha pembetatu chenye picha ya watoto, ili ukifika langoni macho yawe na kazi moja tu.

Ukikiona kibao kwa mbali, tazama kioo cha ndani na cha kulia, maana Barabara ya Kakamega hukosi matatu mgongoni. Toa mguu kwenye mafuta, gusa breki kidogo taa za nyuma ziwake na aliye nyuma ajue, kisha punguza hadi 30 au chini kidogo. Ingiza gia ya pili na uachie klachi yote. Wengi huingia eneo la shule klachi ikiwa imekanyagwa wakidhani ndio usalama, kumbe gari halishikwi tena na injini, na kwenye mteremko linaongeza kasi. Mguu wa kulia ukae juu ya breki bila kuikanyaga. Gia ya tatu haifai hapo: ukishuka kwenye 20 gari huanza kutetemeka, na ukizidi kupunguza linazima. Ndilo linalokupata.

Sheria ya Kenya inaruhusu hadi 50 mjini. Karibu na shule, kibao cha 30 kiwepo kisiwepo, wewe shika 30. Piga hesabu. Kwa 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mgeni huchukua kama sekunde moja na nusu tangu kumwona mtoto hadi kukanyaga breki, kwa hiyo mita 21 zimeisha kabla breki haijashika, na hata lami ikiwa kavu utahitaji nyingine kama 14 hadi usimame. Kwa 30, zote pamoja ni kama mita 18. Yaani pale ambapo gari la 30 limeshasimama, la 50 bado halijaguswa breki.

Usingoje mtoto atokee. Matatu ikisimama kushusha, tazama chini yake: utaona miguu midogo kati ya magurudumu kabla kichwa hakijatokea mbele ya boneti. Akivuka mmoja, hesabu kwamba wenzake wanamfuata mbio bila kutazama. Bodaboda iliyobeba watoto watatu huwashusha upande wowote, hata wa katikati ya barabara, basi ipe nafasi pana au usubiri nyuma yake. Na si asubuhi na jioni tu. Saa sita na saa saba mchana wadogo wanarudi nyumbani, wengine wanakwenda kula.

Kwenye zebra, simama mita mbili au tatu kabla ya mstari. Vuta handibreki, weka nyutro, kisha ndipo uachie klachi. Ukikaa na gia ya kwanza, mguu ukiteleza kwenye klachi gari linaruka mbele, na mbele kuna watoto. Usiwapungie mkono wala kuwawashia taa wavuke, kwa sababu anayekuja upande wa pili hajakubaliana nanyi. Honi ndefu pia acha. Mtoto akishtuka hurudi alikotoka, mara nyingi mbele yako.

Ukienda Kibos au Miwani kuna jambo la ziada ambalo pengine hukufundishwa kwenye ubao wa mji mdogo, ule wa kujifunzia barabara darasani: trekta za miwa. Watoto hukimbia nyuma ya trela wakichomoa miwa, na muwa ukikubali kutoka, mtoto hurudi kinyumenyume barabarani nao mkononi. Kaa mita 20 au zaidi nyuma ya trela, na usilipite karibu na shule hata likitambaa. Trekta hizo pia huacha matope kwenye lami. Mvua ya alasiri ikishuka, panateleza kama sabuni, kwa hiyo hapo shuka hadi 20.

Nyuma watakupigia honi, na bango la L la dereva anayejifunza halitawazuia. Waache wapige. Ukizima, breki ya mguu kwanza, handibreki, nyutro, washa, tazama tena kulia na kushoto hadi mbele ya boneti, ndipo uondoke. Mwombe mwalimu akupeleke hapo Jumapili barabara ikiwa tulivu, urudie kushuka kutoka gia ya nne hadi ya pili mara kumi, ukimaliza kabla ya kibao kila mara.