Je, ni salama kuiruhusu Vim isome faili ya mipangilio iliyomo katika kila folda ya mradi?

Swali: Ninasimamia seva ya Linux inayotumiwa na kikundi chetu cha waandaaji wa programu. Tunaandika kwa Vim, kihariri cha maandishi, na kila mradi una faili yake ya mipangilio, `.vimrc`, ambayo imeingizwa kwenye Git (mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo) pamoja na msimbo ili sote tuwe na nafasi za mwanzo wa mstari na urefu wa mistari unaofanana. Ili Vim izisome faili hizo, kila mmoja wetu ameweka `set exrc` na `set secure` katika `.vimrc` ya folda yake ya nyumbani. Mwenzetu aliyejiunga hivi karibuni anasema mpango huu ni wa hatari, ilhali mwongozo wa Vim unaeleza kwamba `secure` huzuia amri za hatari. Nani yuko sahihi? Pia ningependa kuigawa faili yangu ndefu iwe faili ndogo kadhaa, bila Vim kulalamika kwenye mashine ambako mojawapo haipo.

Jibu: Mwenzenu yuko sahihi, na ninakushauri uondoe `set exrc` kwanza, kisha urudi kusoma sababu zake.

Faili ya kuanzia ya Vim huitwa faili ya mipangilio kwa mazoea tu, lakini kwa hakika ni programu kamili. Lugha inayoandikwa humo inaweza kusoma faili nyingine, kuandika, kufuta, na kuita amri yoyote ya mfumo, na yote hayo hufanyika kwa mamlaka ya mtu aliyeifungua Vim, kabla hajaona hata mstari wa kwanza wa faili aliyokusudia kuihariri. Chochote unachoweza kukigusa wewe, ikiwa ni pamoja na funguo zako za SSH (za kuingilia seva nyingine) na nywila zilizohifadhiwa katika folda yako ya nyumbani, faili hiyo nayo inaweza kukigusa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza faili inaweka mipangilio gani, inakubidi ujue ni nani aliyeiandika na ni nani anayeweza kuibadilisha bila wewe kujua.

Ukiweka `set exrc`, Vim ikimaliza kusoma `.vimrc` yako ya nyumbani hutafuta faili ya aina hiyo katika folda uliyosimama wakati ulipoiita, na ikiipata huitekeleza. Ni kweli kwamba `set secure` huzuia amri za `autocmd` (zinazojiendesha tukio fulani likitokea), amri za mfumo na amri za kuandika faili zinazotoka katika faili hiyo ya folda. Hata hivyo, mwongozo ulioutaja una sentensi nyingine katika maelezo hayohayo, na wengi huiruka: kwenye mifumo ya Unix, kizuizi hicho hufanya kazi pale tu ambapo faili haimilikiwi na wewe. Ikiwa mmiliki wa faili ni wewe, Vim huiamini kikamilifu.

Sharti hilo lilikuwa na mantiki yake. Desturi ya kusoma `.exrc` ilirithiwa kutoka vi, kihariri kilichotangulia Vim, ambacho Bill Joy alianza kukiandika huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, wakati ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja na hatari iliyofikiriwa ni ya mtu kuingia katika folda ya jirani yake na kukuta faili aliyotegewa. Katika mazingira hayo, umiliki wa faili ulikuwa ushahidi wa kutosha wa mwandishi wake. Leo mambo ni tofauti. Unapochukua mradi kwa `git clone`, faili zote zinazotua kwenye diski zinaandikwa na mchakato wako, na kwa hiyo mmiliki wake ni wewe, hata kama kila mstari uliomo umeandikwa na mtu usiyemjua. Ndivyo ilivyo pia ukifungua kifurushi cha `tar` au `zip` ukiwa mtumiaji wa kawaida, au ukinakili folda ya mwenzako kwa `cp`. Mwongozo wenyewe unatoa tahadhari kuhusu vifurushi hivyo. Hivyo `secure` hupima umiliki, nao umiliki hauelezi tena chanzo cha faili.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila madhara. Tengeneza folda tupu chini ya `/tmp`, ingia humo, kisha andika faili ya `.vimrc` yenye mstari huu mmoja:

```
call writefile(['nimepita hapa'], expand('~/ushahidi.txt'))
```

Ukiwa bado na `set exrc` na `set secure`, ita Vim kutoka folda hiyo na utoke papo hapo. Ukiangalia folda yako ya nyumbani utaikuta `ushahidi.txt`, na hakuna swali wala onyo lililotokea. Sasa fikiria mstari kama huo ukiwa umesogezwa mbali upande wa kulia kwa nafasi mia mbili, baada ya `set shiftwidth=4` na alama ya `|`, katika faili ambayo mkaguzi wa msimbo huipitisha kwa haraka kwa kuwa ni ya mipangilio tu.

Kwenye seva yenu kuna jambo la pili la kuangalia, nalo ni ruhusa za kikundi. Folda za miradi ya pamoja mara nyingi huwekwa ruhusa ya kuandika kwa kikundi kizima. Mtu mwingine akiibadilisha faili iliyopo kwa kuandika ndani yake, mmiliki habadiliki, na Vim itaendelea kuiona kuwa ni yako. Kagua pia folda yako ya nyumbani: `.vimrc` na folda ya `.vim` pamoja na yote yaliyomo zisiwe na ruhusa ya kuandika kwa mtu mwingine yeyote. Amri `chmod -R go-w ~/.vimrc ~/.vim` inatosha. Kisha ziorodheshe faili zilizokwisha kusambaa katika miradi, uzisome moja baada ya nyingine:

```
find ~ \( -name .exrc -o -name .vimrc \) -print
```

Kuhusu lengo lenu la kuwa na mwonekano mmoja wa msimbo, ni lengo jema na lina njia bora zaidi. Tumieni faili ya `.editorconfig`, ambayo inaweza kuwekwa kwenye Git bila wasiwasi huu kwa sababu inataja thamani tu, kama vile aina na idadi ya nafasi au urefu wa mstari, wala haina namna ya kuita amri. Vim 9.1, iliyotolewa Januari 2024, inakuja na programu-jalizi yake, ambayo unaiwasha kwa kuweka `packadd! editorconfig` katika `.vimrc` yako. Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, huisoma yenyewe tangu toleo la 0.9. Kilicho muhimu ni kwamba uamuzi wa kipi kitekelezwe unabaki nyumbani kwako, na mradi unaleta thamani peke yake.

Pale ambapo hutaki au huwezi kulieleza jambo la mradi kwa `.editorconfig`, andika kanuni hiyo katika faili yako mwenyewe na uifunge kwa njia ya folda:

```
augroup miradi
  autocmd!
  autocmd BufNewFile,BufRead ~/kazi/hesabu/*.py setlocal textwidth=88
augroup END
```

Mstari wa `autocmd!` usiuache, kwani huondoa kanuni za awali za kundi hilo ili zisirudufishwe kila unapoisoma faili upya. Tumia `setlocal` badala ya `set`, la sivyo mpangilio wa mradi mmoja utahamia kwenye faili utakazofungua baadaye.

Ikiwa miongoni mwenu wapo wanaotumia Neovim, hao wana kinga bora. Tangu toleo la 0.9 la mwaka 2023, Neovim ikikuta faili ya folda, `exrc` ikiwa imewashwa, haiitekelezi kabla ya kukuuliza, na ukiikubali huhifadhi alama ya SHA-256 ya yaliyomo (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maandishi ya faili). Faili ikibadilika hata herufi moja, kwa mfano baada ya `git pull`, utaulizwa tena. Kinga hiyo inapima yaliyomo, ndiyo maana ninaiamini kuliko kipimo cha umiliki; lakini ina thamani kwa yule tu anayechagua kuitazama faili kabla ya kuikubali. Kwa watumiaji wa Emacs, kihariri kingine, faili inayohusika ni `.dir-locals.el`. Emacs huuliza inapokutana na thamani isiyoijua kuwa ni salama, na wasiweke kamwe `enable-local-variables` kuwa `:all`, kwa sababu hapo maswali yote hukoma. Thamani ya `:safe` hukubali zile zinazojulikana kuwa salama na kuziacha nyingine kimya, na ndiyo ninayoipendekeza kwenye seva.

Kuna mlango mwingine unaofanana na huu ambao hukuuliza, lakini msimamizi wa seva hapaswi kuuacha. Vim huweza kusoma maelekezo yaliyoandikwa ndani ya faili yenyewe unayoifungua, katika mistari mitano ya mwanzo au ya mwisho, kupitia mpangilio wa `modeline`. Maelekezo hayo yanaruhusiwa kuweka mipangilio tu, lakini mwaka 2019 uligunduliwa udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2019-12735, ambao uliwezesha faili ya kawaida ya maandishi kuendesha amri za mfumo pindi inapofunguliwa. Ulirekebishwa katika Vim 8.1.1365 na Neovim 0.3.6. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, huuzima mpangilio huu tangu mwanzo, na ninashauri ufanye hivyo kwa watumiaji wote kwa kuweka `set nomodeline` katika faili ya mipangilio ya mfumo, kisha uwaombe wasiuwashe tena bila sababu.

Sasa nije kwenye kuigawa faili yako. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuandika `source rangi.vim` bila njia kamili. Vim huitafuta faili hiyo katika folda uliyosimama, wala si kando ya `.vimrc` yako, hivyo unakuwa umeirudisha hatari ileile ya `exrc` kwa mlango wa nyuma, tena bila hata `secure`. Andika njia kamili daima, na uulize kwanza kama faili inasomeka:

```
let s:rangi = expand('~/.vim/sehemu/rangi.vim')
if filereadable(s:rangi)
  execute 'source' fnameescape(s:rangi)
endif
```

Wapo wanaofupisha kwa `silent! source`. Sipendekezi, kwa kuwa njia hiyo huficha pia makosa ya kweli yaliyomo ndani ya faili iliyopo, na utakaa ukijiuliza kwa nini nusu ya mipangilio yako haifanyi kazi. Ikiwa mpangilio wa kusomwa hauna umuhimu, njia nyepesi kuliko zote ni kuziweka faili ndogo ndani ya `~/.vim/plugin/`, ambako Vim huzisoma zote zenye kiambishi cha `.vim` bila kuambiwa, na ile isiyokuwepo haiulizwi.

Kwa vitu ambavyo huenda mashine nyingine haina, kama mpango wa rangi uliokuja na Vim mpya, mpe Vim njia mbadala na umtajie kosa unalolitarajia tu:

```
try
  colorscheme habamax
catch /E185/
  colorscheme default
endtry
```

Kumbuka kwamba Debian na Ubuntu zikisakinishwa upya mara nyingi huja na Vim ndogo isiyo na uwezo wa kutathmini misemo, ambayo itakataa `try` na `let`. Zungushia sehemu hizo `if 1` na `endif`: Vim kamili itaingia ndani, na ile ndogo itaruka kila kitu hadi `endif`.

Unapobadilisha faili hizi, acha dirisha moja la Vim iliyo wazi likiwa na faili ya zamani, na ujaribu mpya katika dirisha jingine kwa `vim -u ~/vimrc.jaribio` kabla ya kuiweka mahali pake. Kitu kikiharibika, `vim --clean` itafunguka bila kugusa mipangilio yako wala programu-jalizi za folda yako ya nyumbani. Ndani ya Vim, `:scriptnames` itakuorodheshea kila faili iliyosomwa kwa utaratibu iliyosomwa, na `:verbose set shiftwidth?` itakuonyesha ni faili gani iliyoweka thamani hiyo mara ya mwisho. Orodha ya `:scriptnames` ikiwa na njia iliyo nje ya folda yako ya nyumbani na nje ya folda za mfumo, ifuatilie hadi ujue imefikaje hapo.

La mwisho linahusu kazi yako ya usimamizi. Usiendeshe `sudo vim` kuhariri faili za `/etc`, kwa kuwa kulingana na jinsi sudo ilivyopangwa, `.vimrc` yako na programu-jalizi zako zote zinaweza kutekelezwa kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Tumia `sudoedit /etc/fstab`, na vivyo hivyo kwa faili nyingine. Amri hiyo hutengeneza nakala ya muda, hukufungulia Vim kama mtumiaji wa kawaida ukiwa na mipangilio yako uliyoizoea, na hurudisha mabadiliko mahali pake baada ya wewe kuhifadhi na kutoka.