Faiba au ruta ya laini? Yaliyonikuta Migosi

Dada, umeuliza: ukihamia Mamboleo, hapa Kisumu, uvute faiba, yaani intaneti ya waya, au ununue ruta ya laini ya simu, maana unafundisha watoto kwa video na mtandao ukikatika somo limeharibika. Mimi kazi yangu ni kusikiliza sauti za wateja na kuziandika. Nimetumia zote mbili hapa Migosi, na ninakwambia uvute waya. Ila ujue mapema utakavyokutesa.

Nilianza na laini. Asubuhi ilikuwa tamu, megabiti 30 kwa sekunde. Ikifika saa mbili usiku, majirani wamerudi na kila nyumba inatazama video, inashuka hadi 3. Busta moja, yaani mnara wa simu, hugawia wote walio karibu nayo, kwa hivyo kununua bando kubwa hakukunisaidia. Kilichosaidia kidogo ni kutoa ruta sebuleni na kuiweka kwenye dirisha linaloelekea busta, kwa kuwa mabati na kuta nene hudhoofisha mawimbi. Watu huilaumu mvua, lakini 4G haisumbuliwi nayo sana. Mara nyingi stima imepotea na betri za busta zimeisha.

Faiba ilipofika, saa mbili usiku ikawa sawa na saa mbili asubuhi. Nilifurahi sana. Lakini waya ukiharibika hauyumbi, unakufa kabisa. Ijumaa moja jioni taa nyekundu iliwaka kwenye ruta, na fundi akaja Jumatatu. Akachomeka kipimo chake cha nguvu ya mwanga ndani ya waya, kikasoma -29 dBm; namba ikikaribia sifuri, mwanga una nguvu zaidi. Ruta nyingi za faiba huanza kusumbua mwanga ukishuka chini ya -27. Akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye ruta hadi mlangoni, akaukuta umebanwa na bawaba, umejikunja kabisa. Ndani mna uzi wa kioo, na ukipinda sana mwanga huvuja. Akauchomoa pale, akauzungushia kona pana kama sahani, kipimo kikapanda hadi -20. Dakika kumi tu! Mimi nilikuwa nimekosa kazi ya siku tatu, na mteja aliyekuwa akiingoja hakurudi tena.

Kwa hivyo siku ya kufungiwa, usitoke nyumbani. Simama na fundi, mwonyeshe pa kupitisha waya, ukatae mlangoni na dirishani.

Jambo la pili ni stima. Kabla ya kulipia kasi kubwa, nunua betri ndogo ya ruta. Soma kwanza adapta yako ili betri ilingane nayo, nyingi ni za volti 12. Na radi zetu za jioni, Machi hadi Mei, usizichezee. Kioo hakipitishi umeme, lakini radi huingia kwa njia ya stima. Adapta yangu ya kwanza iliungua hivyo. Ukisikia ngurumo, chomoa kwenye soketi uendelee na betri.

Weka pia laini ya kampuni nyingine kwenye simu, na bando la siku la kumalizia somo. Haitakuokoa kila mara: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na mtandao wa nje, zilipokatika, faiba na laini zote zilizorota.

Kabla ya kulipa, bisha hodi kwa majirani wa plot hiyo hiyo. Kasi si ya kuuliza. Waulize mara ya mwisho ilipokatika, walikaa siku ngapi bila fundi.