Orléans hadi Briare kwa baiskeli: tairi la upana gani, upepo kiasi gani?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni Mtanzania, nasoma Orléans, Ufaransa. Nimenunua baiskeli ya barabara za changarawe, na mwishoni mwa Oktoba mimi na mwenzangu tunataka kuzunguka kwa siku tatu: Orléans hadi Montargis kwa kufuata Mfereji wa Orléans na njia za msituni, kisha Mfereji wa Briare hadi Briare, halafu turudi kwa kingo za mto Loire. Baiskeli ilikuja na matairi ya milimita 35. Dukani wameniambia yanatosha, nijaze bari 4. Mwenzangu anasema nitafute ya milimita 50 yenye meno makubwa. Nina kilo 78, baiskeli na mizigo ni kama kilo 17. Nimsikilize nani? Kwetu Moshi nilipanda barabara za vumbi miaka mingi kwa tairi jembamba na sikupata tabu.

Jibu: Ndugu yangu, funga milimita 45 kama fremu inaruhusu, lisilo na meno makubwa katikati, ujaze takriban nusu ya ulichoambiwa dukani. Nakueleza sababu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kujiamulia mwenyewe ukiwa njiani.

Safari yako inapita juu ya ardhi za aina tatu. Kando ya Loire unapita sehemu kubwa juu ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko, kwenye lami nyembamba au kokoto zilizoshindiliwa vizuri. Ni kipande cha njia ya La Loire à Vélo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 900 hadi Atlantiki, na hapo duka lina haki: 35 inatosha kabisa. Kando ya mifereji unakuta njia walizotembea farasi na watu wakivuta mashua kwa kamba. Siku hizi vipande vingi vimeshindiliwa kwa changarawe laini ya mawe ya chokaa. Zikiwa kavu ni raha tupu. Zikilowa, ile chokaa inageuka uji mweupe unaong'ang'ania cheni na breki.

Msitu ndio utakaokupima. Msitu wa Orléans, hekta zipatazo 35,000, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya serikali katika Ufaransa bara, na chini yake kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Barabara zake kuu ni imara. Ila ukiingia vijia vya pembeni unakutana na makorongo yaliyochimbwa na mashine za kuvuta magogo, nayo mwishoni mwa Oktoba hujaa maji na kufunikwa na majani ya mwaloni. Ndiyo maana uzoefu wako wa Moshi unakusaidia nusu tu. Barabara ya vumbi wakati wa kiangazi ni ngumu, na tairi jembamba linapita juu yake bila kuzama. Hapa tairi jembamba lenye bari 4 litakata udongo kama kisu na kukwama.

Mwenzako naye kazidisha. Meno makubwa yatakulemea karibu safari nzima ili yakufae kwa vipande vichache vya tope, na tope la mfinyanzi likishajaa katikati ya meno, hayashiki tena. Tafuta tairi laini katikati lenye meno ya wastani pembeni. Kabla ya kulipa, pima nafasi kwenye fremu: tairi likiwa limejazwa, chukua spana ya L ya milimita 6 uipitishe kati ya tairi na fremu, kushoto, kulia na juu, mbele na nyuma. Mahali penye nafasi finyu zaidi huwa nyuma ya pedeli, pale mirija miwili ya fremu inapokaribiana na tairi. Spana ikigoma kupita, shuka hadi milimita 42 au 40. Tope lenye kokoto likikwama hapo linakwangua fremu hadi kuila, na fremu ya kaboni haina msamaha.

Kuhusu upepo, kwa uzito wa kilo 95, yaani wewe, baiskeli na mizigo, na matairi ya 45 yasiyo na tyubu, anza na bari 2.0 mbele na 2.2 nyuma. Ukibaki na tyubu, ongeza bari 0.3 kila upande, kwa sababu tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi ikapasuka matobo mawili sambamba. Usivuke kamwe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala cha ringi. Na usiiamini sana geji ya pampu kubwa ya sakafuni: mshale wake umetengenezwa kusoma hadi bari 10 au zaidi, na huku chini kwenye bari 2 unakosea kirahisi. Geji ndogo ya kidijitali ina thamani ya kila senti utakayoitolea.

Kisha jaribu kabla ya siku ya safari, mizigo ikiwa imefungwa. Panda juu ya mzizi kwa mwendo wa wastani. Ukisikia ringi inagonga, ongeza bari 0.1 na urudie. Ukiona gurudumu la nyuma linarukaruka na mikono inakufa ganzi, punguza. Kwenye kona ya lami, tairi likiyumba chini yako, umepunguza mno.

Nakusihi sana uhamie matairi yasiyo na tyubu, na sababu kubwa ni miiba. Wakulima wa Ufaransa wanaopokea ruzuku za Ulaya hawaruhusiwi kukata ua za miti zinazozunguka mashamba kati ya 16 Machi na 15 Agosti, ili ndege watage kwa amani. Kwa hiyo ukataji huja baadaye, na wakati wa vuli vijitawi vyenye miiba hutapakaa njiani. Maji ya kuziba pancha huziba matundu ya aina hiyo wakati gurudumu linazunguka. Kama matairi yaliwekewa maji hayo muda mrefu uliopita, fungua uangalie, maana hukauka baada ya miezi michache. Beba tyubu moja ya akiba hata hivyo.

Ile chokaa iliyolowa husaga pedi za breki haraka kuliko unavyodhani. Kagua unene wake kabla ya kuondoka na ubebe pedi za akiba. Kila jioni futa cheni kwa kitambaa, iache ikauke, ndipo utie mafuta. Kutia mafuta juu ya uji wa chokaa ni kuipaka cheni msasa. Gia usizihangaikie, njia ni tambarare.

Jambo moja hukuniuliza, ila nalisema: geuza mwelekeo. Bonde la Loire hupigwa zaidi na upepo wa magharibi na kusini-magharibi, na juu ya tuta hakuna pa kujificha. Ukianza na Loire kwenda Briare, kuna uwezekano mkubwa upepo huo ukusukume mgongoni siku nzima kupitia Jargeau, Sully na Gien. Huko Briare mtavuka daraja la mfereji la mwaka 1896, mita 662 za maji yanayopita juu ya mto. Njia yake ya pembeni ni finyu, shukeni msukume. Kisha huko Rogny, kwenye Mfereji wa Briare, mtaona ngazi ya malango saba ya maji yaliyoanza kujengwa enzi za mfalme Henri IV. Halafu mnarudi Orléans kutoka Montargis mkikingwa na miti, na kama mvua imenyesha siku mbili zilizotangulia, achaneni na vijia vya msituni, mbaki kwenye njia ya mfereji.

Oktoba ni msimu wa uwindaji. Mkiona bango la «Chasse en cours», yaani uwindaji unaendelea, geuzeni, hata kama ramani inadai njia inapita hapo. Vaeni vizibao vinavyong'aa, ambavyo usiku nje ya miji ni lazima kisheria, sawa na taa. Saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni, na njia panda za msituni zinafanana mno. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, msitegemee mtandao.

Mkichoka, kuna vituo vya treni Gien, Briare na Montargis, vyote kwenye reli ya Paris kwenda Nevers. Ila kutoka Montargis hakuna treni ya moja kwa moja kwenda Orléans, hulazimu kuzungukia Paris. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya tatu, kabla hamjatoka Montargis, kagueni matairi na breki kwa utulivu. Kuanzia hapo ni kilomita karibu 80 za kupiga pedeli hadi nyumbani.