Chomoa Waya Ukutani Kabla ya Kuiamini Mashine ya Kushtua Moyo

Usiku mmoja, katika chumba cha dharura nilichofanyia kazi hapa Bukavu, tulimpokea mzee aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Kadutu, vijana wawili wakiwa wamembana katikati, nguo zake zikitiririka maji ya mvua. Skrini ilionyesha mawimbi yaliyovurugika: moyo ulikuwa ukitetemeka badala ya kupiga, na hiyo ndiyo hali ambayo mashine ya kushtua imeundwa kuitibu. Tulichaji, tukasema "ondokeni wote", na kabla sijabonyeza, umeme ukakatika na skrini ikazima. Taa ya kijani tuliyokuwa tukiiona kila siku ilitegemea waya wa ukutani. Betri ilikuwa imekufa zamani. Jenereta iliwaka baadaye, lakini mzee hakurudi.

Tangu siku hiyo, kila ninapoingia zamu ya asubuhi nachomoa waya, nawasha mashine kwa betri peke yake, nachaji na kufanya jaribio la mshtuko kama kijitabu cha mashine kinavyoelekeza. Kisha natazama tarehe ya pedi zinazobandikwa kifuani kupitisha mshtuko, na kama mfuko wake haujatobolewa, kwa kuwa jeli ikikauka umeme hupenya kwa shida na ngozi huungua.

Ndugu wa mgonjwa mara nyingi hupiga kelele "mshtueni!" hata mstari wa moyo kwenye skrini ukiwa umenyooka kabisa (filamu zimetuharibia kazi). Mshtuko hauwashi moyo uliozimika. Huzima vurugu kwa nukta moja ili moyo ushike tena mpigo wake wenyewe. Mstari ukinyooka, dawa ni mikono yako na adrenalini.

Mikono hiyo ndiyo ninayoisisitizia zaidi kwa wanafunzi. Kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na uendelee hata mashine inapochaji. Unaachia tu wakati wa kubonyeza. Mshtuko ukishatoka, usisimame kukodolea skrini macho, bali rudi kifuani papo hapo kwa dakika 2 nzima. Mashine nyingi za sasa, ambazo mkondo wake huenda na kurudi, hutumia jouli (kipimo cha nishati ya mshtuko) 120 hadi 200 kwa mtu mzima. Zile za zamani za mkondo wa upande mmoja huhitaji 360, kwa hiyo soma kibandiko cha mashine yako kabla hujaihitaji.

Mtu aliyelowa mvua, mfute kifua kwanza, na oksijeni isogezwe mbali. Angalia pia kitufe cha kulinganisha mshtuko na mpigo: kikiwa kimewashwa, mashine husubiri mpigo ambao moyo unaotetemeka hauna, nawe utabonyeza bila kitu kutoka. Kwetu, kitufe hicho sasa kimezungushiwa plasta nyekundu, na daftari la ukaguzi limefungwa kwa kamba kwenye mpini wa mashine.