Eksirei imetoka safi, mzee bado anaumwa

Pole sana kaka. Umesema baba hapo Pasua, Moshi, anashikwa na maumivu ubavuni yanayoshuka hadi kinenani, mkojo una damu, eksirei ya tumbo imetoka "safi", na unauliza kama hela imepotea.

Haijapotea, ila picha hiyo isiwe neno la mwisho, maana dalili hizo zinafanana na za mawe ya figo. Eksirei ya kawaida huonyesha mawe yenye kalsiamu, ambayo ndiyo mengi: doa jeupe kwenye figo, au kando ya uti wa mgongo unakopita mrija wa mkojo. Jiwe la asidi ya yuriki halionekani. Miale inapita tu kama vile hakuna kitu. Na jiwe dogo hufichwa na gesi ya tumbo au kinyesi.

Halafu si kila cheupe ni jiwe. Nyongani huwa kuna vidoa vya chokaa ndani ya mishipa ya damu, mviringo, mara nyingi vyeusi kidogo katikati. Watu wamebugia dawa za mawe bure kwa ajili ya hivyo.

Mpelekeni ultrasaundi, aende kibofu kimejaa (asikojoe njiani!), waangalie kama figo imevimba. Utata ukibaki, CT skani isiyo na dawa ya mshipani ndiyo hukata mzizi wa fitina.

Akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukigoma, msisubiri asubuhi. Na hata maumivu yakiisha, kwa umri wake damu ile ichunguzwe hadi kwenye kibofu.