Kwa nini nilimwambia daktari habari za mama yako

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Dada yako amekusimulia kwamba nilipokwenda kliniki ya presha nilimweleza daktari habari za msiba wetu, nawe ukaniuliza: "Baba, kifo cha mama kinamhusu nini daktari wa presha?" Kwenye simu nilikujibu juujuu kwa sababu nilikuwa ndani ya matatu, Jogoo Road, na muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka viti vinatetemeka. Sasa niko mezani, nikujibu vizuri.

Kinamhusu. Na asingeuliza, ningemwambia mwenyewe.

Ilikuwa ile tarehe ya kawaida ya kwenye kadi. Nesi alinipima akapata 158 kwa 94. Akaniambia nikae kimya dakika tano, mgongo nimeegemeza, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mara ya pili ikawa 152 kwa 92. Wao wanataka chini ya 140 kwa 90, kwa hiyo bado. Daktari ni binti mdogo, rika la kitinda mimba wetu, lakini hakukimbilia kuniongezea dawa. Alifungua daftari langu nyuma, akaona mwaka jana wote nilikuwa sawa kwa tembe zilezile, akaniuliza, "Mzee, nyumbani kumebadilika nini?"

Ungetaka nimjibu "hakuna"?

Nikamwambia. Basi maswali yakafuata, na kila moja lilikuwa na mama yako ndani. Nani anapika? Unajua mama yako alivyokuwa mkali wa chumvi. Kwake kopo la chumvi lilikaa kabatini, halikuja mezani. Siku hizi mchana nakula hotelini, na asubuhi supu ya mifupa pale kwa muuza nyama. Daktari akaniambia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na viungo vya paketi. Ukiiweka hesabu hiyo mbele ya bakuli la supu, mambo yanakuwa magumu mapema.

Akauliza kama kuna dawa nyingine ninazomeza. Nikamtajia diclofenac, ya goti, ninayonunua kwa kemisti. Hapo akaweka kalamu chini. Kumbe dawa za jamii hiyo, na ibuprofen ni mwenzake, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na zikitumiwa mfululizo huweza kuumiza figo. Amenibadilishia paracetamol na kunitoa damu ya kupima figo. Utasema goti na mama yako wapi na wapi. Lakini ni nani aliyekuwa akinikanda goti hilo kila jioni wakati wa taarifa ya habari? Mikono ile ilipoondoka ndipo tembe zilipoingia.

Kisha akauliza usingizi. Nikamwambia naamka saa tisa usiku, ile saa niliyokuwa nikiamka kumpima mama yako sukari, halafu silali tena. Akaniangalia, akauliza polepole, "Huwa unatamani heri usingeamka?" Mwanangu, tangu tumzike hakuna aliyeniuliza hivyo. Mchungaji aliniuliza kama naomba, wazee wakaniuliza habari za shamba. Nilimjibu hapana, na ni kweli, sitamani hivyo. Lakini niliona nafuu kuulizwa. Alikataa kunipa dawa ya usingizi. Alisema usingizi ukizidi kupotea, hamu ya kula ikaisha na nisione raha ya kitu chochote, nisingoje tarehe ya kadi, niende tu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wanaume 4,486 wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao. Katika miezi sita ya kwanza walikufa kwa asilimia 40 zaidi ya wenzao wa rika lile wenye wake, na magonjwa ya moyo ndiyo yaliyoongoza ongezeko hilo. Baada ya hapo hatari ikashuka. Sikuandikii haya ili uogope. Nakuonyesha tu kwamba binti yule hakuwa anapiga umbea.

Dawa sijaongezewa. Nijipime nyumbani asubuhi na jioni, niandike, nirudi baada ya wiki nne. Natumia ile mashine uliyomnunulia mama yako.

Na insulini yake bado ilikuwa mlangoni mwa friji. Kuna jirani aliyeniomba, nikakataa. Chupa ikishafunguliwa hudumu kama wiki nne tu, na ile imepita zamani. Ijumaa nazirudisha zote famasia ya hospitali, sindano nimezitia kwenye chupa ngumu ya plastiki. Dada yako akikupigia kulalamika kwamba natupa vitu vya mama, mweleze. Leso na Biblia sijavigusa.

Lile la kuhamia kwako Nakuru tuliache kwanza. Huku nina kanisa, nina kliniki, na mama mboga ananikatia sukuma bila kuniuliza ya shilingi ngapi. Nimemwomba mjukuu wa jirani anifundishe kupika maharagwe yasiyo ya hotelini, na yeye ana miaka kumi na mitatu, kwa hiyo tunagombana sana.

Jambo la mwisho. Karani alipofika kwenye sehemu ya mtu wa kupigiwa simu mzee akizidiwa, alikuta namba ya mama yako. Nimempa yako. Najua hupokei namba usizozijua, unasema ni matapeli. Ukiona simu ya Nairobi, hata usiku, pokea. Na mwambie mkeo naye anitumie namba yake, nafasi ya pili nimeiacha wazi.

Baba yako