Mwalimu, njoo Julai usingoje Agosti
Dadangu umeuliza likizo yako ya huko Dubai ukija nayo Lamu utapata shule ya kujitolea ama utakaa bure, mi nakwambia njoo Julai mwanzo mwanzo manake Agosti na huku watoto wanafunga muhula wa pili, utakuta madarasa matupu. Mpigie mwalimu mkuu mapema na namba yako ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu Kenya, iwe tayari. Kama ni Matondoni au Kipungani lala huko huko kijijini, upepo wa kusi bado wavuma na bahari imechafuka, boti kila siku kutoka mjini utachoka. Na tafadhali sana, usiwanyang'anye walimu wa pale vipindi vyao, chukua wale watoto wanaosuasua kusoma, hao ndio hawana mtu. Ukitaka na senti, Agosti ulizia kazi kwenye gesti za kijiji cha Shela, hapo hapo Lamu.